Nyumba Inayongoja Mtoto: Kazi ya Majuma ya Mwisho

Kwa arusi twaunda kamati. Miezi mitatu kabla ya siku yenyewe watu wamekwisha kugawana kazi: huyu ataleta mchele, yule atatafuta gari, wazee watakaa na wageni. Kwa msiba nako hatuna shida, kila mtu kijijini ajua wajibu wake. Bali kwa kuzaliwa mtoto, jambo ambalo twalijua miezi mingi mbele, jamaa nyingi hungoja mpaka mama ashike kiuno saa nane za usiku. Ndipo baba huanza kutafuta tochi, na fedha, na mwenye pikipiki, na shangazi wa kufuatana na mkewe. Lakini saa hiyo si saa ya kutafuta. Ni saa ya kuondoka.

Wasomaji wapendwa, leo tuzungumze habari za majuma ya mwisho ya mimba na kuanza kwa uchungu. Akina baba wasifungue ukurasa mwingine wakidhani haya ni ya wanawake. Sehemu kubwa ya maneno haya ni yao.

Shirika la Afya la Ulimwengu lilikadiria kwamba katika mwaka 2023 akina mama wapatao 260,000 walikufa duniani kwa sababu ya mimba na uzazi. Ni zaidi ya mia saba kila siku, na sehemu kubwa yao walikuwa wa Afrika, kusini ya Sahara. Walikufa kwa nini? Kwa kutoka damu nyingi, kwa shinikizo la damu na kifafa cha mimba, kwa kuingiliwa na vijidudu, kwa uchungu uliokwama. Karibu yote hayo yana dawa. Basi mbona walikufa?

Mwaka 1994 wataalamu wawili, Sereen Thaddeus na Deborah Maine, waliandika jibu ambalo mpaka leo hufundishwa katika vyuo vya uuguzi. Walisema mama mzazi hupatwa na ucheleweshaji wa namna tatu. Wa kwanza ni nyumbani, watu wanapokawia kuamua. Wa pili ni njiani, kwa ajili ya umbali na ukosefu wa chombo. Wa tatu ni hospitalini penyewe, matibabu yanapokawia kuanza. Huo wa tatu ni kazi ya serikali na waganga. Wa kwanza na wa pili umo mikononi mwetu sisi wenyewe.

Mimi ni karani wa parokia, si mganga wala mkunga. Kazi yangu ni tarehe. Kila juma wazazi huja ofisini kuandikisha watoto kwa ubatizo, nami huwauliza, "Mtoto alizaliwa lini, na wapi?" Wengi hawaishii kwenye tarehe, hunisimulia usiku ule mzima. Jambo moja nimeliona: nyumba zilizopanga mapema husimulia hadithi fupi. Zisizopanga husimulia hadithi ndefu.

KUHESABU SIKU

Tuanze na hesabu, maana asiyejua siku hawezi kupanga. Mimba huhesabiwa majuma 40, yaani siku 280, kuanzia siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho. Njia ya kuipata tarehe ni rahisi: chukua siku hiyo ya kwanza ya hedhi, ongeza siku saba, kisha rudi nyuma miezi mitatu.

Tufanye mfano kama shuleni. Mama alianza hedhi yake ya mwisho tarehe 10 Aprili. Ongeza siku saba, utapata tarehe 17 Aprili. Rudi nyuma miezi mitatu: Machi, Februari, Januari. Basi mtoto atazamiwa tarehe 17 Januari ya mwaka ufuatao. Hesabu hii yawafaa hasa wenye hedhi ya kila siku 28 hivi. Ambaye hedhi yake haina utaratibu, au hakuikumbuka, aende kliniki mapema. Kipimo cha utrasaundi kikifanywa katika miezi ya kwanza hukadiria umri wa mimba vizuri kuliko kikifanywa mwishoni.

Lakini mtoto hasomi kalenda. Katika watoto mia, hawazidi watano wanaozaliwa siku ile ile iliyokadiriwa. Mimba ikitimiza majuma 37 mtoto aweza kuja wakati wowote. Kwa hiyo msiitie alama siku moja tu katika kalenda ya ukutani. Pigeni mstari kutoka majuma matatu kabla ya tarehe hiyo mpaka juma moja baada yake. Siku zote za mstari huo ni siku za kungoja, na baba asipange safari ya mbali ndani yake. Uchungu ukianza kabla ya majuma 37, mama apelekwe hospitali mara moja, maana mtoto asiyetimia huhitaji uangalizi wa pekee. Na mstari ukiisha bila mtoto kuja, yaani majuma 41 yametimia, msikae nyumbani mkingoja. Nendeni hospitali.

KLINIKI HAIISHI MWEZI WA SABA

Wako akina mama wanaokwenda kliniki mara mbili tatu, wakapata kadi, wakaona yatosha. Mwaka 2016 Shirika la Afya la Ulimwengu lilishauri kwamba mama mjamzito aonwe na mtaalamu mara nane angalau. Sikilizeni jinsi zilivyogawanywa: juma la 12, la 20, la 26, la 30, la 34, la 36, la 38 na la 40. Yaani nusu ya safari zote nane ni za majuma saba ya mwisho.

Sababu ni nini? Ni kwamba mambo mengi ya hatari hujificha mpaka mwisho. Shinikizo la damu laweza kupanda mama akiwa hajisikii ugonjwa wowote. Mtoto naye huenda akawa amekaa vibaya. Wakati mimba inapotimia, watoto watatu au wanne katika kila mia huwa wametanguliza matako badala ya kichwa, na mkunga hulitambua jambo hilo kwa kushika tumbo. Likijulikana katika juma la 36 kuna nafasi ya kupanga. Likijulikana mtoto akiwa mlangoni, ni hatari.

Tena kuna akina mama ambao zahanati ndogo haiwafai kwa kujifungua, na hawana budi kupelekwa palipo na chumba cha upasuaji. Nao ni hawa: aliyewahi kuzaa kwa kupasuliwa, mwenye mapacha, ambaye mtoto amelala vibaya, aliyewahi kutokwa damu nyingi katika uzazi uliopita, aliyewahi kuzaa mtoto mfu baada ya uchungu wa muda mrefu, mwenye shinikizo la damu. Msichana mdogo mwenye mimba ya kwanza, na mama aliyekwisha kuzaa mara tano au zaidi, nao waulize sana. Tusemapo, "Huyu ni mzoefu, atajifungua tu," twasahau kwamba mji wa mimba uliozaa mara nyingi huweza kulegea baada ya kuzaa na kutoa damu nyingi.

MWILI WA MAMA KATIKA MAJUMA HAYO

Mwenye mimba ya kwanza huona tumbo limeshuka majuma mawili au manne kabla ya kujifungua. Kichwa cha mtoto kimeingia katika nyonga. Pumzi huwa nyepesi, lakini haja ndogo huja mara kwa mara. Kwa aliyekwisha kuzaa, huenda tumbo lisishuke mpaka uchungu uanze.

Tumbo nalo hukaza na kuachia. Hapo ndipo wengi hudanganyika. Uchungu wa uongo huja ovyo, mara dakika kumi, mara saa nzima, hauongezeki nguvu, nao hutulia mama akipumzika, akitembea au akinywa maji. Uchungu wa kweli una utaratibu: huja kwa kupokezana, nafasi kati yake huzidi kufupika, nguvu huzidi, na mara nyingi huanzia mgongoni ukazunguka mpaka mbele. Kupumzika hakuutulizi.

Mama apunguze mizigo. Kuchota maji na kubeba kuni vina watu wengine nyumbani. Alale kwa ubavu, si chali, kwa kuwa akilala chali uzito wa mimba hubana mishipa mikubwa ya damu. Alale ndani ya chandarua. Asiache vidonge vya kuongeza damu alivyopewa, maana mwenye damu haba hana akiba ya kupoteza. Na ale. Mahali pengine mama hunyimwa mayai na nyama ati mtoto asiwe mkubwa akashindwa kutoka. Chakula hicho ndicho kimpacho nguvu ya kazi iliyo mbele. Mpeni maharage, mboga za majani, dagaa, mayai na matunda.

Waamini wanajua jinsi Bikira Maria alivyomwendea Elizabeti milimani, akakaa naye miezi kama mitatu. Elizabeti alikuwa katika mwezi wa sita. Hesabuni wenyewe mwone miezi ile mitatu ilikuwa ipi. Mwenye jirani mjamzito ana la kujifunza hapo: ndoo moja ya maji ya kila asubuhi ni msaada kuliko salamu kumi.

DALILI ZISIZONGOJA ASUBUHI

Yafuatayo yakionekana, hata kama tarehe haijafika, mama aondoke saa ile ile:

1. Damu kutoka ukeni, kama hedhi au zaidi, hata bila maumivu.

2. Kichwa kuuma sana, macho kuona giza au vimulimuli, uso na mikono kuvimba, au maumivu makali chini ya kifua. Hizo ni dalili za kifafa cha mimba kinachokaribia.

3. Degedege au kuzimia. Huu si upepo mbaya wala pepo. Iko sindano ya magnesiamu salfeti, ambayo katika uchunguzi mkubwa uliotangazwa mwaka 2002 ilipunguza hatari ya kifafa hicho kwa nusu na zaidi. Mganga wa pepo hana sindano hiyo.

4. Homa kali.

5. Mtoto kupunguza kucheza tumboni, au kuacha kabisa. Mama aijua desturi ya mtoto wake. Akiona imebadilika, asiambiwe kwamba mtoto amelala.

6. Chupa kupasuka, hata kama uchungu haujaanza. Angalieni saa na rangi ya maji. Yakiwa ya kijani au kahawia, mtoto amejisaidia ndani, naye huenda yumo mashakani. Yakinuka, vijidudu vimeingia.

7. Kitovu, mkono au mguu kutangulia kutoka. Kitovu kikitoka, mama apige magoti, ainamishe kifua chini na kuinua kiuno juu, na chombo kitafutwe haraka. Mtu asikivute wala kukishika-shika.

MAMBO YA KUAMUA KABLA

Sasa tufike kwenye kazi yenyewe ya baba. Mwezi wa nane ukiingia, mume na mke wakae jioni moja, na mama mkwe awepo kama anakaa nao, waamue mambo haya.

Kwanza, mahali. Atajifungulia wapi, na kama pale pakishindikana atapelekwa wapi? Katika Tanzania mambo yamekuwa afadhali: uchunguzi wa taifa wa mwaka 2015 na 2016 ulionyesha kwamba uzazi 63 katika kila 100 ulikuwa katika vituo vya afya na hospitali, na ule wa mwaka 2022 ulionyesha 81. Lakini kumi na tisa waliobaki ni wengi, na wengi wao wako vijijini kama kwetu.

Pili, chombo. Ongeeni na mwenye pikipiki, bajaji au gari. Andikeni namba yake ya simu ukutani, si ndani ya simu tu, kwa maana simu huzimika. Ongeeni pia na wa pili, kama wa kwanza amesafiri. Ulizeni mto ukijaa mvua za masika njia ni ipi. Nchini Tanzania uko mpango uitwao m-mama, ulioanza Kanda ya Ziwa na kuzinduliwa kwa nchi nzima mwaka 2022. Simu yake ni 115, haina malipo. Mwenye kupokea huuliza dalili za mama, kisha huita gari la wagonjwa. Likikosekana huita dereva wa karibu aliyekwisha kuandikishwa, na mpango ndio umlipao.

Tatu, fedha. Wekeni kidogo kidogo tangu mimba ijulikane, mahali ambapo mama mwenyewe anapajua na anaweza kupafikia. Fedha iliyofungiwa ndani ya sanduku la mume aliyesafiri haifai kitu.

Nne, mzigo. Ulizeni kliniki ni vitu gani vyatakiwa kwao. Kwa kawaida ni kadi ya kliniki, khanga na vitenge safi vitano au sita, nguo za mtoto na kofia, sabuni, beseni, na mpira wa kulalia. Vifungwe pamoja kabla juma la 36 halijaisha.

Tano, damu. Watafuteni watu wawili au watatu wenye afya walio tayari kutoa damu ikihitajika.

Sita, msindikizaji, na mtu wa kubaki na watoto na mifugo.

Saba, na hili ndilo kubwa: ruhusa. Nani atasema, "Haya, twende"? Mahali pengi mama hawezi kutoka nyumbani mpaka mumewe au mkwewe aseme neno. Mume akiwa mnadani, au ziwani, au porini na ng'ombe, kila mtu huogopa kuamua. Basi mume aseme sasa, mbele ya mashahidi, kwamba uchungu ukianza mke wake aondoke bila kumngoja.

Bwana mmoja mkulima, alipokuja kuandikisha binti yake, alinieleza hivi. Mwezi wa nane alimwendea kijana mwenye pikipiki akamwachia fedha ya mafuta. Kisha akamwita mama yake na mkewe, akasema kwamba siku ikifika wasimtafute. Siku ilifika yeye akiwa mnadani. Aliporudi jioni alikuta mlango umefungwa, jirani akamwambia, "Mkeo amekwenda tangu saa tano." Alipofika kituo cha afya alikuta mtoto amezaliwa, na mke wake ametundikiwa dripu, kwa kuwa alitokwa na damu nyingi baada ya kuzaa. Wauguzi waliizuia. Kama wangalimngoja bwana huyu hata saa tatu tu, damu ile ingalimwagika katika sakafu ya udongo, mbali na sindano. Aliponyamaza nilimwuliza jina la mtoto. Akasema ni la bibi yake mzaa baba, yule yule aliyempakia mama kwenye pikipiki.

Kwa wanaokaa mbali sana iko njia nyingine: kwenda mapema na kungojea karibu na hospitali, kwa ndugu, au katika nyumba ya wazazi watarajiwa iliyojengwa kwa kazi hiyo. Nchini Ethiopia hospitali ya Attat, iliyoanzishwa na masista Wakatoliki, ilifungua nyumba ya namna hiyo mwaka 1976. Wataalamu waliochunguza madaftari yake ya mwaka 1987 mpaka 2008 waliona kwamba akina mama waliongojea pale walikufa kwa uchache sana kuliko wale waliofika moja kwa moja kutoka nyumbani, na watoto wao waliozaliwa wafu walikuwa wachache vilevile. Mtu aweza kusema kwamba wale wa kutoka nyumbani wengi walifika wamekwisha kuharibikiwa. Ni kweli. Na ndilo neno tunalolisema: walifika wamechelewa.

UCHUNGU UMEANZA

Dalili ni tatu: uchungu wenye utaratibu, ute mzito wenye damu kidogo, au chupa kupasuka. Si lazima zije zote pamoja. Mwenye kukaa karibu na zahanati aweza kuhesabu uchungu kwa muda. Mwenye kukaa mbali aondoke mara utaratibu unapojulikana, hasa kama si mimba ya kwanza, maana wa pili na wa tatu huja upesi.

Kazi ya kuzaa ina sehemu tatu. Ya kwanza ni mlango wa uzazi kufunguka mpaka sentimita kumi, nayo ndiyo ndefu. Mama atembee, anywe maji, ale kidogo, aende haja ndogo mara kwa mara, wala asisukume kabla ya wakati. Ya pili ni kusukuma, mpaka mtoto azaliwe. Ya tatu ni kutoka kondo la nyuma.

Wazee wa Afrika husema jua lisimchwee mara mbili mwanamke mwenye uchungu. Walikuwa na akili. Lakini leo twajua kwamba hata mara mbili ni nyingi. Mlango ukifika sentimita tano, kazi ya kufunguka kwa kawaida haizidi saa 12 kwa mzaliwa wa kwanza, wala saa 10 kwa wanaofuata. Mkunga hulinda saa hizo kwa chati. Mwaka 1972 daktari R. H. Philpott na mwenzake W. M. Castle, waliokuwa mji ambao leo ni Harare, walitangaza chati yenye mstari wa tahadhari, ili mkunga aliye mbali na daktari ajue mapema ni mama yupi apelekwe mbele. Chombo hicho kilitungwa Afrika, kikaenea ulimwenguni.

USIMWULIZE MAJINA YA WANAUME

Katika sehemu nyingi uchungu ukikawia, wanawake wazee humwinamia mama na kumwambia aungame. Ati ametembea na mwanamume mwingine, ndiyo sababu mtoto hatoki. Ayataje majina apate kufunguka. Saa zapita, mama analia kwa uchungu na kwa aibu, na mtoto ndani anakosa hewa. Wengine huogopa hata kwenda hospitali kwa kuwa wakipasuliwa watu watasema, "Unaona? Hakuwa mwaminifu."

Hilo ni neno la uongo, nalo laua. Uchungu hukwama kwa sababu za mwili: nyonga ni nyembamba, mtoto ni mkubwa, kichwa kimegeuka vibaya, au mji wa mimba umechoka. Mke mwaminifu kabisa aweza kupatwa. Dawa yake ni mkunga na, ikibidi, kisu cha daktari. Aliyepasuliwa amezaa kama wengine. Mume asikiapo maneno hayo yakisemwa juu ya mkewe, ayanyamazishe.

Vilevile dawa za miti za kuharakisha uchungu ziachwe. Hakuna ajuaye kipimo chake. Zikikaza mji wa mimba kupita kiasi, waweza kupasuka, tukapoteza wawili kwa pamoja. Na mama aliyekunywa asifiche. Amwambie mkunga, ili amtibu akijua.

MTOTO AKIJA NJIANI

Ikitokea hivyo, simamisheni chombo. Tandikeni khanga safi. Msimvute mtoto, mpokeeni tu. Mkausheni mara moja, mwekeni juu ya tumbo la mama ngozi kwa ngozi, wafunikeni wote wawili. Kitovu kiacheni bila kukata. Afadhali kifike kizima kuliko kukatwa kwa kisu kichafu. Mtoto anyonye, maana kunyonya husaidia mji wa mimba kukaza. Kisha endeleeni na safari, msirudi nyumbani. Mama hajamaliza mpaka kondo limetoka na damu imetulia.

Damu ya baada ya kuzaa ndiyo iuayo upesi kuliko yote. Kituoni mama huchomwa sindano ya kukaza mji wa mimba mara mtoto azaliwapo. Uchunguzi mkubwa uliofanywa katika hospitali 80 za Kenya, Tanzania, Nigeria na Afrika ya Kusini, ukatangazwa mwaka 2023, ulionyesha kwamba wakunga wakiweka chini ya mama mfuko wenye alama za kupimia damu, na kutoa matibabu yote kwa pamoja mara izidipo, hatari ya kutokwa damu kupita kiasi na madhara yake yalipungua kwa asilimia 60. Nyumbani damu hunywewa na nguo na udongo, na hakuna ajuaye kiasi. Kwa hiyo hata kama amezaa salama, mama akae kituoni saa 24.

MASWALI YA KUJIBU LEO JIONI

Mwalimu hamwachi mwanafunzi bila zoezi. Nyumba yenye mama mjamzito ijibu maswali haya kwa sauti, wote wakisikia:

Mtoto atazamiwa tarehe ngapi, na mstari wa kalenda umepigwa?

Mara ya mwisho kwenda kliniki ilikuwa lini, na mara ijayo ni lini?

Mkunga amesema ajifungulie wapi?

Mwenye chombo ni nani, na wa pili ni nani?

Fedha iko wapi, na mama anaweza kuifikia?

Mzigo umefungwa?

Nani watatoa damu?

Baba akiwa hayupo, nani atasema, "Twende"?

Swali la mwisho lisipojibiwa, yote ya kwanza hayafai kitu. Na jibu lililo bora ni kwamba mama mwenyewe atasema, na wengine watabeba mzigo.